Mapengo kwenye namba za Stelio Frati: kuna ndege zilizopotea au ni michoro tu?

kanopi_wazi

Wakuu salaam. Naombeni msaada maana kuna jambo linanisumbua na nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Nakusanya habari za ndege ndogo za Italia, hasa zile za miaka ya 50 na 60, na mtu ninayemfuatilia zaidi ni yule msanifu wa Milan, Stelio Frati. Nimezipanga namba za ndege zake kwenye mstari mmoja nikapata hivi: F.4 Rondone, F.5 ile jeti ya mbao ya Caproni Trento, F.6 Airone, F.7 Rondone II, F.8 ndio Falco, F.9 Sparviero, halafu ghafla tunaruka mpaka F.14 Nibbio na F.15 Picchio, tunaruka tena mpaka F.20 Pegaso, kisha F.22 Pinguino. Sasa hapo katikati kulikuwa na nini? Kati ya 9 na 14 kuna namba nne nzima hazionekani! Na kuna zile namba kubwa kubwa F.250, F.400, F.480, F.1300 ambazo hazifuati mpangilio wowote ninaouelewa mimi.

Ninachotaka kufanya ni hiki. Nataka kutengeneza modeli ya 3D kwa ajili ya simuleta, modeli ya ndege ya Kiitaliano ambayo haikuwahi kujengwa, ili watu waweze kuirusha angalau huko. Iliyonikaa moyoni ni F.480 Cobra, ile jeti ya viti vinne iliyotakiwa kutoka kwenye F.400 ya kampuni ya Procaer. Lakini sitaki kubuni vitu halafu mtu aje aamini ndivyo ilivyokuwa. Kwahiyo maswali yangu ni, haya mapengo ni ndege zilizopotea kweli? Unatofautishaje mradi wa kwenye karatasi na ndege moja iliyojengwa ikasahaulika? Na mwisho kabisa kwanini ndege nzuri kiasi hiki nyingi ziliishia moja moja tu? Mwenye kujua chochote atiririke, hata ukijua kipande kidogo.

mbao_na_gundi

Mkuu karibu sana, hii mada naipenda kuliko maelezo. Nianze na namba.

Namba kurukwa haimaanishi kuna ndege imefichwa mahali. Ukitaka kuelewa namba za Frati inabidi kwanza uelewe alivyokuwa anafanya kazi. Sehemu kubwa ya maisha yake hakuwa na kiwanda. Alikuwa msanifu wa kujitegemea, amesoma Politecnico di Milano na baadaye akafundisha hapo hapo, na ndege zake zilijengwa na kampuni tofauti tofauti kutegemea nani ana hela na mafundi kwa wakati ule. Rondone walijenga Ambrosini, Airone na Sparviero zikaenda kwa Pasotti, F.5 Caproni Trento, Falco na Nibbio zikaanzia Aviamilano, Picchio na Cobra zikawa za Procaer, mpaka baadaye sana ndio akawa na General Avia yake mwenyewe iliyotoa Pegaso na Pinguino. Sasa mtu wa namna hiyo anatoa namba pale anapoanza kuchora, sio pale ndege inapotoka mlangoni mwa karakana. Anachora, anapeleka kwa mtu mwenye hela, yule anasema ngoja kwanza, na namba ndio imeshatumika. Kwahiyo mapengo yako mengi yaandike "hakuna ushahidi wa ndege" uendelee na safari, usiyajaze kwa kubahatisha.

Zile namba kubwa ni hadithi nyingine kabisa na hapa ndipo utafurahi. Angalia injini. F.250 iliruka Julai 1964 ikiwa na Lycoming ya nguvu za farasi 250, ilipowekewa ya farasi 260 na kwenda SIAI-Marchetti ikawa SF.260, ile ndege ya mazoezi ya kijeshi ambayo dunia nzima inaijua. Sasa njoo kwenye jeti. F.400 Cobra ilikuwa na Turbomeca Marboré II, msukumo wake kilo 400. Marboré VI ina msukumo wa kilo 480. Umeona? F.480 yako inakwambia yenyewe ilikusudiwa injini gani, hata kabla hujapata mchoro wowote. Na F.1300 Squalus ya Promavia kule Ubelgiji, iliyoruka 1987, injini yake ya Garrett ilikuwa na msukumo wa pauni 1330 hivi, safari hii kwa pauni sio kilo. Kwahiyo ana mifumo miwili ya namba inayoishi pamoja, ule wa mfululizo na ule wa nguvu ya injini, na ukiiweka kwenye mstari mmoja lazima uone mapengo hata pale ambapo hayapo.

rehema_angani

Nakazia hapo kwa mbao_na_gundi, na niongeze upande wa Napoli maana watu wanaufanyia kosa hilo hilo kila siku.

Ukichukua ndege za Luigi Pascale na kaka... samahani ndugu yake Giovanni utapata P.48 Astore, P.52 Tigrotto, P.53 Aeroscooter, P.55 Tornado, P.57 Fachiro, P.59 Jolly, P.64 Oscar, P.66, P.68, P.70 Alpha, halafu P.86 Mosquito, P92. Mtu akiona kati ya 70 na 86 pametupu anaanza kuandika eti kuna miradi 15 ya siri haijawahi kutangazwa. Hakuna kitu kama hicho! Namba inafuata mwaka ambao kazi ya usanifu ilianza. P.64 ni 1964, P.68 ni 1968 na iliruka Mei 1970, P92 ni 1992 na ikaruka Machi 1993. Tecnam, kampuni yao ya baadaye, waliendelea na utaratibu huo, ndio maana una P2006T, P2008, P2010, P2012. Kwahiyo kwa Pascale pengo maana yake ni miaka iliyopita tu bila ndege mpya yenye jina.

Ushauri wangu kabla hujagusa pengo lolote, jua kwanza kila msanifu alikuwa anahesabu nini. Mmoja anahesabu michoro, mwingine miaka, mwingine nguvu ya injini. Ukichanganya utaandika historia ya ndege ambazo hazikuwepo hata kwenye mawazo ya mtu, na kitu kama hicho kikishaingia mtandaoni hakitoki tena, wenzako wanakinakili miaka na miaka.

kanopi_wazi

Dada rehema_angani na mkuu mbao_na_gundi mmenifungua macho, hilo la kilo 480 silikuwa nimeliona kabisa na lilikuwa mbele yangu muda wote. Sasa tuje kwenye lile swali la mwisho, kwanini ziliishia moja moja? Mimi kila ninapozisoma naona zilikuwa na kasi kuliko za Wamarekani zenye injini ile ile, Falco mfano.

karakana7

Jibu langu ni moja, saa za fundi.

Mimi nafanya kazi ya mbao za ndege kwahiyo nitakuelezea kwa upande wa mikono. Frati alipenda mbao na alikuwa na sababu nzito. Falco ina mabawa yenye umbo la NACA (shirika la Marekani la utafiti wa ndege) mfululizo wa 6, yale maumbo yanayotaka hewa ipite juu ya bawa kwa utulivu bila kuvurugika mapema, na hewa hiyo haitaki kukutana na kichwa cha ribeti wala ukingo wa bati. Plaiwudi iliyobandikwa vizuri, ikapakwa fila, ikapigwa msasa, inakuwa laini kuliko bati la aluminiamu la miaka ile. Halafu mbao haihitaji mashine kubwa za kukandamiza bati wala fremu ghali za kujengea, karakana ndogo yenye maseremala wazuri inatosha, na Italia baada ya vita ilikuwa na maseremala wazuri wengi kuliko ilivyokuwa na hela. Ndio maana ndege yenye mabawa ya mita 8 tu kutoka ncha hadi ncha, iliyoanza na injini ya farasi 90 mwaka 1955, iliwashangaza watu kwa mwendo.

Sasa njoo uone gharama yake. Chukua sehemu moja tu, ngozi ya mbele ya bawa, pale inapozunguka pua ya bawa. Plaiwudi ni nyembamba, milimita chache, lakini haikubali kupinda hivi hivi. Unailowesha au unaipiga mvuke, unaivutia taratibu juu ya fomu, unaifunga mikanda, unaiacha ikauke ishike umbo, ndio unarudi kuikata kwa vipimo. Vipande viwili vikikutana huvigandishi kingo kwa kingo, unachonga kila ukingo mshazari mrefu, kwa kawaida urefu wa mshazari ni mara 12 ya unene wa ubao, ili gundi iwe na eneo la kushikia, na ukikosea mshazari huo ukawa na bonde dogo tu katikati basi kiungo kina hewa ndani na hukioni tena mpaka siku kinaachia. Unapaka gundi, unabana, unasubiri. Kesho unahamia mbavu inayofuata. Fundi wa bati muda huo ameshapiga ribeti upande mzima. Sasa fanya hivyo kwa kila ndege, halafu jaribu kushindana bei na Cessna na Piper wanaozitoa kwa mamia. Haiwezekani, hata kama ndege yako ni bora.

Na Frati alilijua hilo. Angalia Picchio ya 1959, ndani ni mbao lakini juu ya plaiwudi amebandika ngozi nyembamba ya aluminiamu, ili ndege istahimili jua na unyevu na mnunuzi asiogope kuiacha nje. Mimi nikiiangalia Picchio naona mtu anayejaribu kubaki na ulaini wa mbao huku akijibu hofu za wateja. Baadaye F.20 na F.22 zikawa za bati moja kwa moja.

Falco yenyewe ilipita mikononi mwa Aviamilano, Aeromere, mwisho Laverda waliotoa Super Falco yenye farasi 160, na bado jumla yake haikuwa kubwa. Kilichoifanya iishi mpaka leo ni Sequoia ya Marekani kuuza michoro na vifaa ili watu wajenge wenyewe nyumbani, kwasababu mtu anayejenga ndege yake hajilipi mshahara. Saa za fundi zikawa bure, tatizo likaisha.

propela_ya_zamani

karakana7 umeeleza vizuri sana upande wa kazi lakini mimi sikubaliani kwamba mbao ndio iliua. Mbao ilikuwa mzigo, sawa, ila kilichokosekana ni mnunuzi.

Fikiria Italia ya 1947 na kuendelea. Mkataba wa amani umebana jeshi la anga, limebaki na idadi ndogo ya ndege kwa masharti. Watu binafsi wenye uwezo wa kununua ndege ya kutalii wanahesabika. Kwahiyo wateja wa kweli ni wawili tu, jeshi la anga na klabu za ndege, na klabu zenyewe zinategemea mkono wa serikali. Macchi MB.308 ya Ermanno Bazzocchi ilikuwa ya mbao vile vile na ilifanikiwa, kwanini? Kwasababu jeshi lilinunua nyingi halafu zikaenda kwenye klabu. Mbao haikuizuia. Halafu klabu hizo hizo zilikuwa na Stinson L-5 za Kimarekani zilizobaki baada ya vita, ndege ambayo tayari ipo na haina deni la kiwandani, zikavuta glaida miaka mingi. Sasa wewe msanifu unakuja na ndege mpya nzuri ya viti viwili, unamuuzia nani?

Ndio maana unaona Airone na Sparviero za Pasotti, ndege za kusafiria za katikati ya miaka ya 50, Airone ya injini mbili na Sparviero ya injini moja, Sparviero ikabaki moja. Nibbio, ambayo ni Falco iliyokuzwa ikawa na viti vinne, hazikufika hata 15. Sio kwamba zilikuwa mbaya. Mwenye kiwanda alihesabu oda akaona mwisho wa mtaa.

Na ushahidi mkubwa ni SF.260. Msanifu ni yule yule, mawazo yale yale ya Falco, bawa karibu eneo lile lile la mita za mraba 10, lakini imekuwa ya bati na nyuma yake kuna SIAI-Marchetti anayejua kuongea na majeshi ya nchi mbalimbali. Ikauzwa kwa mamia. Pascale naye aliokoka kwa kusoma soko mapema, Fachiro ilikuwa na mwili wa mabomba ya chuma na bawa la mbao, alipofika Oscar akahamia bati, akazilenga klabu, baadaye P.68 ya injini mbili ikamfungulia soko la nje.

karakana7

Mzee wangu nakubali kuhusu mnunuzi, lakini SF.260 ndio inanipa nguvu mimi. Ingeweza kuuzwa kwa majeshi ikiwa ya mbao? Jeshi linataka ndege inayolala nje kwenye joto na mvua na fundi wa bati kila kituo. Kubadilisha mbao kwenda bati ndiko kulikofungua hilo soko, kwahiyo hatuwezi kuvitenganisha hivi vitu viwili.

propela_ya_zamani

Hapo sawa, vimeshikana. Ila muda muafaka nao usisahau, F.5 mfano. Mwaka 1952 mtu anatoa jeti ndogo ya mazoezi, ya mbao, injini ya Palas ya msukumo kama kilo 150, rubani na mwanafunzi wamekaa mmoja mbele mmoja nyuma. Wazo la kumfundisha mwanafunzi moja kwa moja kwenye jeti lilikuwa changa mno, jeshi halikuchukua, ikabaki hiyo moja. Miaka michache baadaye jeti za mazoezi zikawa biashara kubwa na Macchi akavuna na MB.326. Frati alikuwa amewahi.

shomoro_wa_trasimeno

Naomba nitoke kwa Frati kidogo maana naona mtoa mada atafaidika na majina mengine yaliyosahaulika, na baadhi ni matamu kweli.

Sergio Stefanutti, huyu alikuwa akijenga na Ambrosini kule Passignano kando ya ziwa Trasimeno. Miaka ya 30 alitoa SS.2, kindege chepesi ambacho mkia wake uko mbele na propela iko nyuma inasukuma, kisha kikapanuliwa kikawa cha watu wawili, SS.3 Anitra. Watu wengi wanaanza kuhesabu ndege za namna hii kutoka kwa Burt Rutan, msanifu wa Marekani, na VariEze yake ya 1975, miaka 40 mbele! Zile ndogo ndizo zilizompa ujasiri wa kujenga SS.4, ndege ya kivita ya mtindo ule ule, ambayo mwaka 1939 ilianguka ikiwa bado kwenye majaribio ya mwanzo kabisa na kumuua rubani Ambrogio Colombo. Mpango wote ukasimama hapo. Mimi kila nikisoma hii habari huwa naumia, kwasababu ajali ile ilizika pia mazungumzo kuhusu zile ndogo ambazo zilikuwa zimeruka salama.

Halafu Aeroscooter. Mario de Bernardi, yule aliyeshinda Schneider Trophy, mashindano ya kasi ya ndege za majini, mwaka 1926 kwa Macchi M.39 na ndiye aliyerusha jeti ya Caproni Campini mara ya kwanza Agosti 1940, uzeeni alishikwa na wazo la kindege cha kiti kimoja, kidogo, cha bei ambayo mtu wa kawaida angeweza. Pascale akamsanifia. Fikiria mtu aliyeshika injini kubwa za mashindano za zama zake anaamua kutumia nguvu na fedha zake kwenye injini ndogo ya silinda mbili. Aprili 1959 alikuwa akikionyesha kwenye uwanja wa Roma Urbe, moyo ukamshika akiwa hewani, akaweza kukitua, akafariki muda mfupi baadaye. Hakikuingia kiwandani kwa wingi. Mimi ningekuwa na ujuzi wako wa modeli ningeanza na hiki.

Pia Ermenegildo Preti. Wengi wanamjua kwa kigari cha Isetta cha Iso, kile ambacho mlango wake ni uso mzima wa gari, lakini alikuwa mtu wa glaida na ndege kabla ya hapo, na P.19 Scricciolo ya Aviamilano iliyoruka Desemba 1959 ni yake.

Stipa-Caproni ya 1932 nadhani unaijua, lile pipa linaloruka, propela na injini vikiwa ndani ya mwili ulio wazi mbele na nyuma. Picha zake ziko kila mahali. Lakini watu wanasahau kwamba ile ilikuwa kifaa cha kujaribia tu, Luigi Stipa alikuwa anawaza ndege kubwa za injini nyingi zenye mirija hiyo ndani ya bawa, na hizo ndizo hazikujengwa. Kama unatafuta miradi ya karatasi ya Kiitaliano yenye mantiki ya kihandisi nyuma yake, pale pana kazi ya kufanya.

rehema_angani

shomoro umenena. Nirudi kwenye swali la kanopi_wazi ambalo halijajibiwa, la kutofautisha mradi na ndege. Mimi huwa nazigawa kwa ushahidi.

Kama iliruka kiraia Italia, mara nyingi utakuta usajili wake, herufi I halafu kistari na herufi nne. Falco ya kwanza ilikuwa I-RAID. Kama ilikuwa ya jeshi itakuwa na namba ya MM (matricola militare, yaani namba ya usajili ya jeshi). Ukipata usajili au MM, unashughulika na kitu kilichogusika. Usipopata, tafuta picha, na hapo kuwa mkali: ndege iliyopigwa picha ikiwa chini bila propela au bila vioo inaweza kuwa kiunzi cha maonyesho tu cha kuvutia wawekezaji. Picha ya kimodeli cha mezani sio ndege. Mchoro wenye pande tatu unaweza kuwa umechorwa na shabiki miaka 30 baadaye kwa kukisia, kwahiyo angalia kama una vipimo na nani ameusaini. Na maneno kama "inajengwa" au "itaruka mwakani" kwenye vipeperushi vya kampuni yahesabu kuwa ni matumaini, kampuni ndogo zote ziliandika hivyo zikitafuta oda.

Kwenye modeli yako weka wazi kwenye maelezo, hiki nimekitoa kwenye mchoro wa kampuni, hiki nimekikopa kwa F.400, hiki nimekikadiria. Mtu akipakua ajue anarusha nini.

mbao_na_gundi

Na kwa F.480 yenyewe kuna hesabu moja nakuomba uifanye kabla ya kufungua programu ya 3D. F.400 iliruka Novemba 1960, viti viwili, kilo 400 za msukumo. Sasa unaongeza watu wawili, viti, mafuta ya kuwabeba hao watu, na unapata kilo 80 tu za ziada. Linganisha na Morane-Saulnier Paris ya Ufaransa, viti vinne vile vile, lakini ina Marboré II mbili, yaani kilo 800. Kwahiyo F.480 ilikuwa na msukumo zaidi kidogo ya nusu ya ule wa Paris kwa idadi ile ile ya viti. Ili iwe na maana ilibidi iwe nyepesi sana na bawa lake liwe safi sana, na hicho ndicho Frati alichokuwa anakijua kuliko karibu kila mtu. Modeli yako ikipaa kwa kasi kama ndege ya kivita ujue umeweka uzito wa uongo.

Kwenye umbo angalia alivyofanya kutoka Falco kwenda Nibbio. Hakuanza upya, aliikuza ile ile. Tabia yake ni hiyo, anabaki na mistari yake anapanua kibanda. Ukiipima F.400 vizuri utakuwa umeshika sehemu kubwa ya F.480.

kanopi_wazi

Wakuu hii ni zaidi ya nilichotarajia, shukrani kwa kila mmoja. Nimeamua hivi, naanza na F.5 kwasababu ilijengwa na kuruka, nijifunze mkono wa Frati kwenye jeti kwa kitu chenye ushahidi, halafu F.400, ndio nije F.480 mwisho kabisa nikiwa na uzito nilioukokotoa kutoka kwenye hizo mbili. Na mapengo ya F.10 mpaka F.13 nayaacha wazi kwenye orodha yangu. Aeroscooter ya shomoro nayo imeniingia kichwani, hiyo itabidi nimpe mtu tuifanye wawili.

Swali dogo la mwisho kwa karakana7, kwenye F.5 ya mbao, bomba la moto la injini lilikuwa linapita ndani ya mwili wa plaiwudi, walikuwa wanazuiaje isiungue? Nataka sehemu ya nyuma niichore sawasawa.

karakana7

Kanuni ya jumla kwa mbao na injini yoyote ni ile ile: bomba haligusi mbao popote, unaacha nafasi ya hewa pande zote na hewa hiyo inatembea, inaingia mbele inatokea nyuma pamoja na moto, halafu upande wa mbao unaoelekea bomba unauvika bati jembamba linalorudisha joto. Bomba likiwa fupi kazi inakuwa rahisi zaidi, na injini ya kilo 150 joto lake sio la kutisha kama la jeti kubwa. Lakini kwa F.5 hasa usinichukue mimi kwa neno, tafuta picha za mwili wake kwa chini na kwa nyuma, uone hewa inapoingilia na bomba linapotokea, chora hicho unachokiona. Ukishapata mstari wa bomba niletee hapa hapa, nitakwambia kama fremu za mbao ulizoweka zinaweza kukaa pale au zinaungua.